Kungoja Kusi
Huku Misikhu bahari tunaionea kwa simu. Lakini Machi, watu wakitafuta mbegu ya mahindi na kuangalia mawingu, mimi huwaza manahodha wa Mombasa ya zamani. Kaskazi ikiisha, majahazi ya kurudi Arabuni yalipwelezwa ufukweni wakati wa bamvua. Maji yakitoka, mabaharia waliyakwangua, wakayatia kalafati ya pamba na sifa, kisha wakayapaka deheni ya shahamu na chokaa. Wakapakia maji na chakula.

Halafu? Kungoja kusi. Kusi ya Juni na Julai ni kali mno, kwa hivyo aliyechelewa alikaa hadi Agosti.

Vijana wa rika langu tunaulizwa kila siku, “Bado mnangoja nini?” Nahodha pia alingoja, ila chombo chake kilikuwa tayari.