Kutoka Aberdovey Hadi Loitokitok: Shule Iliyozaliwa Baharini Ikapanda Mlima

Mwaka 1941 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizizamisha meli za mizigo za Uingereza katika bahari ya Atlantiki. Mabaharia walionusurika walibaki kwenye mashua ndogo, wakipigwa na baridi na mawimbi, bila kujua lini wataokolewa. Lawrence Holt, mmoja wa wenye kampuni ya meli ya Blue Funnel ya Liverpool, alikosa usingizi kwa jambo moja: aliamini kwamba ndani ya mashua hizo vijana wenye nguvu zao ndio waliokuwa wakifa kwanza, huku wazee waliozoea matanga na tufani wakistahimili. Kwa maoni yake, vijana hao hawakupungukiwa na misuli. Walichokosa ni kujiamini, na kuhisi kwamba kuna mwenzao anayewategemea.

Jambo hilo alilijadili na Kurt Hahn, mwalimu Myahudi mzaliwa wa Berlin ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi. Mwaka 1932, wafuasi wa Hitler walipomuua mtu mmoja katika kijiji cha Potempa na kiongozi wao akawatetea wauaji, Hahn, aliyekuwa mkuu wa shule ya Salem, aliwaandikia waliosoma hapo akiwataka wachague moja: Salem au Hitler. Mwaka uliofuata akatiwa ndani. Aliachiwa baada ya watu wa Uingereza kumwombea, akiwemo waziri mkuu Ramsay MacDonald, akahamia huko, na mwaka 1934 akafungua shule ya Gordonstoun kaskazini mwa Scotland.

Hahn alijua vizuri maana ya kuwa kijana aliyevunjika. Mwaka 1904, angali kijana, jua kali lilimdhuru kichwa, akauguzwa muda mrefu katika chumba chenye giza, na athari zake zikamfuata maisha yote. Mtu aliyelazimika kulikimbia jua ndiye aliyetumia umri wake kuwapeleka wengine nje.

Holt na Hahn walifungua shule yao Aberdovey, pwani ya Wales, Oktoba 1941. Kozi ilichukua takriban mwezi mmoja. Asubuhi ni maji baridi. Mchana ni kujifunza mashua kwenye mlango wa mto Dyfi. Kisha mwendo mrefu milimani na mzigo mgongoni. Wanagenzi wa meli walichanganywa na wanagenzi wa viwandani na wanafunzi wa shule, na bahari haikumuuliza mtu baba yake ni nani. Hahn hakukusudia kuzalisha mabaharia. Kati ya upungufu wote aliouona kwa vijana wa zama zake, uliomtia uchungu zaidi ni kufifia kwa huruma, na ndiyo maana uokoaji ulipewa nafasi kubwa katika mafunzo yake: kijana aliyezoea kuhudumiwa au kupuuzwa alijikuta ameshika kamba inayobeba uhai wa mwenzake.

Shule hiyo, iliyoitwa Outward Bound, ikazaa nyingine. Mwaka 1950 ilifunguliwa ya milimani huko Eskdale, Uingereza, na katika muongo huohuo ikafika Afrika Mashariki, Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Kenya ilikuwa bado koloni lililogawanywa kwa rangi, lakini huko vijana wa rangi mbalimbali walipanda pamoja kuelekea Kibo, chenye urefu wa mita 5,895. Hewa ikiwa nyepesi kiasi hicho, hatua kumi zinatosha kumsimamisha mtu ahemee fimbo yake, na anayetangulia hana budi kumsubiri aliye nyuma.

Marekani ilipata shule yake mwaka 1962, Marble, Colorado, na nchini humo ndiko swali kama mafunzo hayo huwasaidia vijana walio hatarini lilipopimwa kwa makini. Katika miaka ya 1960 watafiti Francis Kelly na Daniel Baer waliwafuatilia wavulana 120 wa Massachusetts waliokinzana na sheria. Nusu walipelekwa Outward Bound, nusu wakashughulikiwa kwa taratibu za kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliorudi kwenye makosa walikuwa asilimia 20 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika la pili.

Takwimu hizo ziliwapa nguvu wengi, na kwa haki. Lakini ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulionyesha tofauti hiyo ikipungua. Hilo halishangazi: kijana alishuka mlimani akarudi mtaa uleule, nyumba ileile, marafiki walewale, bila kazi wala mtu mzima wa kumwendea.

Jibu moja la pengo hilo lilikuwa tayari limetoka kwa Hahn mwenyewe. Mwaka 1956 alishirikiana na Prince Philip, mwanafunzi wake wa zamani wa Gordonstoun, kuanzisha mpango wa tuzo kwa vijana. Kenya iliupokea mwaka 1966, nao ukaitwa Tuzo ya Rais, na umewafikia hata vijana walio katika taasisi za kurekebisha tabia. Katika ngazi ya shaba ya tuzo hiyo, safari ya porini ni siku mbili na usiku mmoja tu. Kujitolea, kujifunza ujuzi na mazoezi ya mwili huendelea wiki hadi wiki kwa miezi, na muda wote huo kuna mtu mzima anayeijua sura ya kijana, anayemuuliza wiki hii amefanya nini.