Ukitaka Netiwaki Magunga, Uliza Pa Kusimama

Hapa kwetu Magunga kuna mwembe ambao haupo kwenye Google Maps lakini kila mtu anaujua. Pita hapo saa kumi na mbili jioni utapata watu sita, saba hivi, wamesimama kama wanaongoja matatu. Hakuna matatu. Mama mmoja anangoja pesa kutoka kwa mtoto wake aliye Nairobi. Mwingine anajaribu kufungua WhatsApp ya darasa la mtoto. Kijana wa boda ameinua simu juu kama mtu anayepiga picha ya jua, kumbe anatafuta netiwaki. Sasa songa hatua ishirini kuelekea sokoni. Ile 4G inageuka E, halafu hata E inapotea.

Mwaka jana binamu yangu alikaa chini ya huo mwembe mpaka usiku akijaza fomu ya kuomba nafasi ya chuo. Kila kitu alikuwa amejaza. Akabonyeza kutuma, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, saa sita ya usiku ikapita na nafasi ikafungwa. Kesho yake watu wazima wakamwambia, "Nyinyi vijana mnapenda kungoja dakika ya mwisho." Wacha niwaambie: alikuwa ameanza siku nne kabla.

Hayo maneno yaliniuma, ndiyo maana nimeandika hii. Historia ya netiwaki Kenya mshaisikia ile ya Nairobi: 2G, 3G, 4G, 5G, makofi. Leo nataka niwape ya upande wetu. Ya kwetu inahesabiwa kwa mahali pa kusimama.

Kabla ya busta

Turudi nyuma kidogo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na waya za telegrafu zilikuja na reli. Hiyo ndiyo ilikuwa intaneti ya wakati huo. Huku kusini mwa ghuba, barua ilivuka ziwa kwa meli, ikashuka gatini, halafu ikatembea kwa miguu ya mtu. Shika hiyo picha, kwa sababu itarudi: waya unafika pale penye biashara, na waliobaki wanaufuata kwa miguu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda KPTC, shirika moja la serikali lililoshika posta na simu zote. Kufikia sensa ya 1999 tulikuwa watu milioni 28.7, na laini za simu za mezani zilikuwa kama laki tatu tu nchi nzima, nyingi zikiwa mijini. Dana, yaani nyanya yangu, anasema enzi hizo mtu akifariki Nairobi habari ilifika nyumbani kwa njia mbili: matangazo ya vifo redioni, au kondakta wa basi. "Nyakwara," huwa ananiambia, "sisi tulikuwa tunasikiza redio tukiogopa."

Simu za mkononi zilikuwa zimeanza Kenya 1993, chini ya KPTC hiyo hiyo, kwa mfumo wa analogi. Zilikuwa za matajiri, basi. Mwaka wa 1999 shirika likagawanywa mara tatu: Telkom Kenya, Posta, na tume ya kusimamia mawasiliano ambayo leo ndiyo Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka wa 2000 Vodafone ya Uingereza ikanunua asilimia 40 ya Safaricom, na Kencell ikaingia sokoni mwaka huo huo. Kencell ndiyo ikawa Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel. Kuna wazee hapa mpaka leo wanaiita Celtel na hawana mpango wa kubadilisha.

Kampuni zilipoanza kushindana, bei zikashuka na milingoti ikaota. Sisi tunaiita busta. Ilifuata miji na barabara kubwa kwanza, maana kampuni inaweka pesa pale kredo inanunuliwa. Siwalaumu kwa kufanya biashara. Lakini kama sheria ni biashara peke yake, mahali kama kwetu pataendelea kuwa mwisho wa foleni.

Mlima ulikuja kwanza

Kwetu kuna tatizo lingine ambalo hakuna meneja aliyelileta. Ni hii milima ya Gwassi. Ukiiona unadhani ni vilima tu, lakini ni mabaki ya volkano kubwa ya zamani inayoitwa Kisingiri, iliyokuwa ikitapika moto karibu miaka milioni 20 iliyopita. Majivu yake ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya kale kisiwani Rusinga, pale Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Gwassi kinapita mita 2,200. Hiyo ni kilomita nzima ya mawe kati yako na busta iliyo upande ule mwingine.

Mawimbi ya simu yanafanya kazi karibu kama mwanga wa tochi. Kukiwa na mlima katikati, nyuma yake kuna kivuli. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahazi 900, yanafika mbali na kujipinda kidogo kwenye vizuizi. Yale ya juu yanabeba data nyingi lakini yanachoka haraka. Ndiyo maana mahali pengine unaweza kuongea na mtu vizuri, lakini ukifungua video unaona rangi ya kijivu tu.

Ziwani mambo yanageuka. Maji hayana kilima, kwa hivyo mawimbi yanateleza mbali sana. Shuka Muhuru Bay kule Migori, karibu na mpaka, simu inaweza kukukaribisha Tanzania na wewe bado uko Kenya unakula omena. Usipokuwa makini, kredo inaliwa kwa bei ya ugenini. Celtel walilifanyia kazi hilo Septemba 2006 kwa mpango wao wa One Network, mteja akawa anaweza kuvuka Kenya, Uganda na Tanzania akipiga simu kama yuko kwao.

Na kuna hii nyingine wavuvi wengi hawajaambiwa. Kwenye 2G, busta ya kawaida haiwezi kuhudumia simu iliyo zaidi ya kama kilomita 35, hata ishara ikiwa na nguvu. Mfumo unapima muda ambao ishara inachukua kwenda na kurudi, na ukipita hapo hesabu inakataa. Kwa hivyo mtu aliye ndani kabisa ya ziwa anaweza kuona taa za nchi kavu na bado asipate mtu wa kumwita injini ikizima.

Kabla sijasahau: ile betri yako kuisha haraka huku kijijini si lazima simu iwe feki. Netiwaki ikiwa mbali, simu inaongeza nguvu ili isikike. Kwenye 2G inaweza kufika hadi wati 2. Ni kama mtu anayepiga kelele mchana kutwa. Ukienda mahali ambapo unajua hakuna kitu, weka modi ya ndege, utanishukuru jioni.

Na zile mistari zikijaa zote lakini hakuna kinachofunguka? Mistari inaonyesha nguvu ya ishara kati yako na busta tu. Haisemi watu wangapi wamejazana hapo, wala kama ile njia ya kutoka busta kwenda mbele iko sawa.

Waliojua netiwaki yetu ni mbovu

Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Watu wengi husema ilifaulu kwa sababu Wakenya ni wajanja. Sawa, lakini angalia ilivyotengenezwa. Ilikaa ndani ya kadi ya simu na kutuma ujumbe mfupi uliofichwa. Haikuhitaji intaneti. Haikuhitaji simu janja. Katululu ya mama mboga, ile mulika mwizi, ilitosha. Ishara ikija kwa sekunde kumi chini ya mwembe, pesa imeenda.

Waliotengeneza walianza na mtu aliye mahali pabaya, halafu wa mjini naye akafaidika. Sasa linganisha na fomu ya binamu yangu. Kurasa nzito, picha za kupakia, na ukikatika katikati unaanza upya. Mtu aliyeitengeneza alikuwa amekaa karibu na Wi-Fi, na hakuwahi kufikiria mwembe.

Netiwaki ikafika mahakamani

Kama unadhani haya ni malalamiko ya vijana wa TikTok, kumbuka 2017. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, IEBC ilisema vituo zaidi ya 11,000, kati ya karibu 40,900, viko nje ya 3G na 4G. Maafisa wangelazimika kusonga mpaka wapate netiwaki ndipo watume matokeo. Yaani zaidi ya robo ya vituo vya nchi vilikuwa vinatafuta mwembe. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na jinsi matokeo yalivyotumwa ilikuwa kati ya mambo makubwa yaliyobishaniwa. Chukua upande wowote wa siasa unaotaka. Siku hiyo pa kusimama palikuwa jambo la taifa.

Halafu 2020. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, tukaambiwa masomo yako redioni, kwenye TV na mtandaoni. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeonyesha kwamba kati ya Wakenya wa miaka 3 na kuendelea, asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti. Hesabu mwenyewe darasa lako.

Julai mwaka huo likaja jambo la ajabu. Loon, kampuni dada ya Google, pamoja na Telkom Kenya, wakaanza kutoa 4G kwa maputo. Maputo 35 hivi, yakielea kilomita 20 juu, yakilenga kama kilomita 50,000 za mraba za magharibi na katikati mwa Kenya, Kisumu na Kisii zikiwemo. Wazo lilikuwa tamu: mlima hauwezi kuzuia kitu kilicho juu ya mlima. Lakini Januari 2021, mwezi ule ule shule zilifunguliwa kwa wote, wakatangaza wanafunga. Kufikia Machi huduma ilikuwa imekwisha. Hesabu ya pesa haikukubali. Starlink nayo ilikuja Kenya Julai 2023, na inafanya kazi bila kujali mlima, lakini wangapi kwetu wanaweza kununua ile dishi?

Umehesabiwa, hata kama huna

Kenya ina Hazina ya Huduma kwa Wote. Kila kampuni yenye leseni inatoa asilimia 0.5 ya mapato yake kwa mwaka, ili pesa zipeleke mawasiliano pale biashara inapoogopa. Ni wazo zuri sana. Utafiti wa Mamlaka wa 2016 ulionyesha 2G inafikia kama asilimia 94 ya watu, na 3G asilimia 78.

Sasa soma hizo namba polepole. Ni asilimia ya watu, siyo ya ardhi wala ya saa za siku. Ukilala ndani ya duara la busta, umehesabiwa. Haijalishi kama nyumba yako iko kwenye kivuli cha Gwassi. Haijalishi kama stima ikipotea busta inabaki na betri za saa chache, kama tulivyokaa gizani nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Haijalishi kama kebo za baharini zimekatika, kama Mei 2024, na intaneti yote imelegea. Kwenye karatasi, binamu yangu ana netiwaki.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, fomu yoyote ya umma ijaribiwe kwenye E kabla ya kuwekwa. Ihifadhi ulipofikia, ikubali kumalizwa kwa ujumbe mfupi, kama M-Pesa ilivyofanya 2007, au kwa menyu ya nyota na reli. Pili, netiwaki ipimwe kwa mahali na kwa saa. Mtu aje Magunga saa mbili usiku, asimame sokoni, ajaribu kutuma faili. Tatu ni sisi. Nimeanza daftari: tarehe, saa, mahali, nilichojaribu, kilichotokea. Kurasa nne tayari. Lalamiko lenye tarehe ni gumu kulipuuza kuliko "netiwaki ni mbaya".

Mwaka huu binamu yangu hakujaribu mwembe. Alipanda boda asubuhi mpaka Sindo, akakaa mahali anapopajua, akatuma fomu. Ilienda mara moja. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi bando aliyotumia, na ametuma kama yule wa 1901, kwa kuufuata waya alipo.

Wewe je, kwenu mnasimama wapi?