Binti wa Lang'o Hana Jina

Hapa Soweto East, muulize yeyote aliyelelewa na Wajaluo kuhusu Lwanda Magere na stori itatoka haraka. Jamaa wa Kano, ukoo wa Sidho, mwili wake jiwe. Mikuki ya Lang'o, ndivyo Wajaluo walivyowaita majirani wao Wanandi na Wakipsigis, ilimgonga ikadunda. Basi wazee wa Lang'o wakachagua binti mrembo, wakampeleka kwa Lwanda kama zawadi ya amani. Watu wake wakamwonya, huyo usimuoe. Akamuoa.

Siku moja Lwanda akaugua na mke mkubwa hayupo. Ikabidi amwambie huyu mdogo achanje kivuli chake, apake dawa. Kivuli kikatoa damu. Usiku binti akatorokea kwao na ile siri, na vita vilivyofuata wakachoma kivuli kwa mkuki. Lwanda akageuka mwamba. Upo Kano hadi leo, na inasemekana wawindaji hunolea mikuki hapo.

Okiya Omtatah (ndiyo, yule yule wa kesi za mahakamani, siku hizi seneta wa Busia) aliwahi kuiandikia tamthilia. Mimi niliisikia jikoni, na funzo lilikuwa moja tu: usioe adui.

Lakini katika masimulizi yote niliyosikia, binti hana jina. Ni nyar Lang'o, binti wa Lang'o, basi. Delila wa Biblia angalau ana jina, na alilipwa fedha. Huyu alitolewa na wazee wa kwao kama chambo, akaenda kupikia watu waliomhesabu adui tangu siku ya kwanza. Lwanda angeweza kumngoja mke mkubwa. Akampa huyu kivuli chake, na mimi naona hapo alikuwa anampenda. Kama naye alimpenda, msimulizi haulizi.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipoharibika, Kibera iligawanyika kwa kabila na soko la Toi likachomwa. Mke Mkikuyu wa mume Mjaluo, au Mjaluo kwa Mkikuyu, akawa nyar Lang'o ghafla. Nilikuwa mtoto. Kwenye ploti yetu mama mmoja aliondoka kabla hakujapambazuka, mtoto mgongoni, sufuria zote akaziacha. Majirani wakasema ameenda kwao kutoa siri. Siri gani? Mume wake alikuwa muuza mitumba, na kibanda chake Toi kilikuwa kimeshaungua.