Rangi Bila Wino: Historia ya Picha za Utando wa Hologramu

Picha ya utando wa hologramu hupata rangi zake bila tone la wino. Plastiki nyembamba hutiwa mifereji isiyoonekana kwa macho, mamia kwa kila milimita. Mwanga ukiipiga, kila rangi huelekezwa upande wake; jambo hili huitwa difraksheni. Picha ikiinamishwa, nyekundu huipisha kijani, na kijani huipisha buluu.

Pwani ya kusini ya Kenya ilizijua rangi zinazofanana na hizi kabla ya plastiki. Chaza wa lulu akifunguliwa, upande wa ndani wa gamba hung'aa kwa rangi zinazohama. Hapo pia hakuna kilichopakwa: ni tabaka za chokaa, nyembamba mno, zinazoakisi mwanga kwa pamoja.

Difraksheni nayo ilichunguzwa na wanasayansi. Mwaka 1785, huko Philadelphia, Marekani, David Rittenhouse alipanga nywele sambamba, akaona mwanga ukigawanyika kati yake. Karibu na mwaka 1821 Joseph Fraunhofer wa Ujerumani aliipima mistari ya namna hiyo kwa makini. Hologramu yenyewe ni wazo la Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, la mwaka 1947. Lilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Ilibidi leza ivumbuliwe, mwaka 1960, ndipo picha zake ziwe safi. Mwaka 1968 Stephen Benton wa Marekani alibuni hologramu inayoonekana kwa mwanga wa kawaida, na hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kiwandani. Machi 1984 jarida la National Geographic lilitoka na tai wa hologramu kwenye jalada.

Kiwandani, leza huchora mifereji kwenye bamba lenye dawa ya picha. Bamba hilo hunakiliwa kwa nikeli, na nikeli hugandamizwa kwenye plastiki iliyopakwa aluminiamu. Mtengeneza mabango hununua utando ukiwa tayari, akaukata vipande. Siri iko katika kuvizungusha: samaki akielekezwa upande mmoja na bahari upande mwingine, kimoja huwaka wakati kingine kimefifia. Jua au taa moja kali huionyesha picha vizuri. Mwanga uliotapakaa huififisha.

Leo rangi zinazohama zimo hata kwenye fedha. Noti ambazo Benki Kuu ya Kenya ilizitangaza Agosti 2024 zina uzi wa usalama unaobadili rangi, na mkaguzi huinamisha noti kama anayetazama gamba la chaza.

Kwale, kaunti ya pwani hiyo ya kusini, ina uhusiano mwingine na mng'ao, ulio ndani ya mchanga wake. Tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba huko ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kuyasafirisha madini hayo kupitia Likoni, Mombasa. Ilmenaiti na rutaili hutoa oksidi ya titani. Oksidi hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyopakwa kwenye hologramu angavu, zile zinazoacha maandishi ya chini yasomeke. Ikipakwa kwenye vipande vya ulanga, hutengeneza rangi ya lulu ya magari na vipodozi, yaani mwigo wa gamba la chaza.

Mchanga huo uliondoka ukiwa malighafi, na thamani kubwa iliongezwa kwingine. Elimu ya mwanga, hata hivyo, haihitaji kiwanda: gamba moja, kipande cha utando na jua la Msambweni, huko Kwale, vinatosha kulianza somo darasani. Shule za Kwale zianzie hapo.