Gauni jeupe la Lady Jane Grey

Hebu fikiria picha hii: binti amefungwa kitambaa machoni, gauni lake jeupe linang'aa kwenye ukumbi wenye giza, na mikono inapapasa gogo atakapolaza kichwa ili kikatwe. Huyo ni Lady Jane Grey, aliyekuwa malkia wa Uingereza kwa siku 9 tu, Julai 1553. Wengi wetu tukisoma habari zake, picha tunayokutana nayo ni hii. Je, ni ushahidi wa nini?

Jane aliuawa tarehe 12 Februari 1554, akiwa na umri wa miaka 16 au 17. Picha ilichorwa na Mfaransa, Paul Delaroche, mwaka 1833. Hapo katikati kuna karibu miaka 280!

Tuilinganishe na maandishi ya zama za Jane. Kupapasa gogo? Ni kweli, kumeandikwa. Gauni jeupe? Hapana. Inasimuliwa kwamba alivaa lile lile alilovaa mahakamani, nalo lilikuwa jeusi. Ukumbi wenye giza? Hapana pia. Aliuawa nje, mchana, ndani ya kuta za Tower of London.

Kwa nini basi mchoraji abadilishe? Weupe unamfanya Jane aonekane hana hatia. Tena picha ilionyeshwa Paris mwaka 1834, mbele ya watu ambao mfalme na malkia wao walikatwa vichwa mwaka 1793. Kwa watazamaji hao, habari ya Uingereza ilikuwa pia habari ya kwao.

Kisha ikaja chapa. Mchongaji Mwitaliano, Paolo Mercuri, aliihamishia picha hiyo kwenye bamba la kuchapia. Kazi ya namna hii inakwenda hivi: mistari inachongwa, inajazwa wino, bamba linafutwa, halafu karatasi yenye unyevu inakandamizwa juu yake. Bamba la shaba huchakaa mapema, lakini tangu miaka ya 1820 mabamba ya chuma yaliweza kutoa maelfu ya nakala. Picha ikaingia sebuleni kwa watu wasiowahi kufika Paris.

Na kumbuka, kwenye chapa nyeupe ni karatasi yenyewe, pale wino ulipoachwa. Kwa hiyo kinachong'aa kuliko vyote ni gauni, yaani kile hasa ambacho si kweli.

Ukikutana na chapa ya kihistoria, tafuta miaka miwili: wa tukio na wa picha. Wa pili utakueleza mengi kuhusu waliochora na walionunua.