Malaika na Majina Yaliyobaki Nje ya Santuri

Jina lililochapwa kwenye santuri za "Malaika" ni la Fadhili William, na kwa watu wengi duniani hadithi ya wimbo huo inaanzia hapo. Mtaita huyo wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1938, aliurekodi na wenzake wa Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akaurudia akiwa na Equator Sound Band, bendi ya studio ya Charles Worrod mjini Nairobi. Santuri ni ushahidi mzito, kwa kuwa ina sauti, ina namba na ina jina. Jina lenyewe, hata hivyo, ni la yule aliyefika studio. Aliyeupiga wimbo ukumbini miaka mingi kabla ya hapo, mbele ya watu waliolipa kiingilio, wakacheza, wakaenda zao, hana mahali pa kuandikwa.

Sisi wa upande wa Tanzania wa Mlima Kilimanjaro tuna sababu ya kumkumbuka mtu wa pili. Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916, alishikilia kwamba ndiye aliyeutunga wimbo huo kati ya mwaka 1945 na 1946, alipokuwa akiishi Nairobi. Kwa maelezo yake, alimpenda binti mmoja, wazazi wakakataa, na binti akaozwa kwa tajiri mwenye asili ya Asia. Wimbo ukawa kilio chake, akaupiga kwenye kumbi za Waafrika, ukiwemo wa Kaloleni. Nakusudia Kaloleni ya Nairobi, si hii ya kwetu Moshi. Wapo pia Grant Charo, shemeji yake Fadhili, na Lucas Tututu wa Mombasa, ambao nao wametajwa kuwa watunzi. Ubishi huo umeendelea magazetini na vijiweni kwa miongo kadhaa, na mara nyingi umegeuka kuwa ubishi wa Kenya na Tanzania, jambo ambalo limeuharibu.

Nasema limeuharibu kwa sababu wakati wimbo unazaliwa, mpaka kati ya nchi hizo mbili haukuwa na uzito kwa mwanamuziki. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1912. Vita vya kwanza vya dunia vilipopamba moto, Waingereza wakatandika njia nyingine kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, kusini mashariki ya mji wetu, na mtu wa Moshi akaweza kupanda treni akashuka Nairobi. Njia hiyo inakatiza nchi ya Wataita, kwao Fadhili. Ilibeba kahawa, ilibeba vibarua, watumishi wa majumbani, makarani na mafundi, na magitaa yao. Hata baada ya uhuru mwendo huo haukukoma. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapiga muziki Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya walikounda Simba Wanyika. Kumuuliza mtunzi wa mwaka 1945 kama wimbo wake ni wa Tanzania au wa Kenya ni kumtwisha mzigo wa nchi ambazo zilikuwa hazijazaliwa.

Mimi naona madai ya Adam Salim yana nguvu, na waliofuatilia suala hili kwa makini wengi wameegemea kwake. Naona vilevile kwamba bila Fadhili tusingekuwa na "Malaika" tunayoijua. Aliupa wimbo sauti yake nyororo na mwendo wa taratibu ambao wote waliofuata waliuiga au waliupinga. Mtu mmoja anaweza kuwa aliutunga na mwingine akautengeneza ukakubalika, na historia ina nafasi ya kuwaandika wote wawili kwa mstari mmoja.

Wimbo wenyewe umejengwa kwa vitu vichache. Kodi tatu za gitaa zinatosha. Mwanafunzi wa gitaa kavu hapa Pasua, mtaa wetu wa Moshi, huufundishwa mapema, kwa sababu vidole vina muda wa kuhama kabla sauti haijapanda. Maneno ni ya kijana anayempenda msichana na hana mali ya kumwolea. Hamlaumu msichana wala hamtukani mzee wa mahari. Analaumu umaskini wake tu, halafu anamwita mpenzi wake kwa jina la ndege mdogo anayemwaza. Hakuna mtaa wala kabila linalotajwa. Ndiyo maana kila aliyeuchukua alihisi umeandikwa kwa ajili yake.

Aliyeufikisha mbali kuliko wote ni Miriam Makeba. Serikali ya makaburu ilikuwa imemfungia mlango wa kwao tangu mwaka 1960, na katika safari zake za Afrika Mashariki akakutana na wimbo huu. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja ambamo "Malaika" imo, ikiwa imepewa pia jina la Kiingereza, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kiswahili cha Makeba hakikuwa cha Mombasa wala cha Unguja, na masikio ya kwetu husikia mahali maneno yalipoteleza. Hata hivyo, ukiusikiliza leo, gitaa likiwa limeshushwa chini kabisa na sauti mbili zikipokezana, unaelewa kwa nini dunia nzima ilidhani wimbo ni wake. Kuna watu hadi sasa wanaoandika kwamba ni wimbo wa Afrika Kusini. Hilo ni kosa la kusahihishwa kila linapoonekana.

Baada ya hapo ulitumbukia mikononi mwa vijana wa roki. The Hep Stars, kundi lililokuwa likitikisa Sweden, waliutoa mwaka 1967. Kwenye kinanda alikaa Benny Andersson, ambaye miaka saba baadaye angeshinda Eurovision akiwa na ABBA. Na "Malaika" haukuwa peke yake. Daudi Kabaka, mwenzake Fadhili pale Equator, alikuwa na wimbo "Helule Helule", na mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliupiga ukaingia kwenye chati za kwao. Tulizoea kusimuliwa jinsi vijana wa Nairobi na Dar es Salaam walivyoiga twisti na roki kutoka ng'ambo. Upande wa pili wa biashara hiyo, pale ng'ambo ilipoiga kutoka kwetu, haujaandikwa vya kutosha.

Mwaka 1981 wakaja Boney M., kundi la Ujerumani chini ya mtayarishaji Frank Farian, wakautia mdundo wa disko. Kilio kikawa ngoma ya kuchezea. Wapo wanaoichukia tafsiri hiyo. Mimi siyo mmoja wao, kwa kuwa ndiyo iliyoingia kwenye kumbi ambako Makeba asingepigwa. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliurudisha kwenye unyenyekevu wake katika albamu ya Logozo, akifuata nyayo za Makeba, na kwangu hiyo ndiyo tafsiri bora zaidi baada ya ile ya Fadhili. Usha Uthup wa India ameuimba jukwaani, na Nairobi ikampenda kwa hilo. Safari Sound Band waliurekodi pamoja na nyimbo nyingine za hoteli za pwani, na kaseti zao zikasafiri kwenye mabegi ya watalii.

Utalii huohuo ndio uliouleta mlimani. Vijana wengi wa Pasua hufanya kazi ya kupandisha mizigo Kilimanjaro, na wenyewe huitana wagumu. Siku ya mwisho, kabla wageni hawajatoa bahshishi, wagumu hukusanyika, mmoja huanzisha na wengine huitikia kwa makofi. Mara nyingi huanza na "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, ambao Boney M. nao waliuchukua mwaka 1983. "Malaika" huja baadaye, watu wakishachoka kuruka. Hauimbwi kama wa Fadhili wala kama wa Makeba. Sauti hugawanyika kama kwaya ya kanisani, besi ikivuta chini, na hakuna gitaa. Hiyo nayo ni tafsiri inayostahili kurekodiwa vizuri, kwa majina ya waimbaji. Huku chini mtaani wimbo una makao mengine kwenye harusi, pale ndafu inapoletwa mezani na mpiga kinanda anataka kuwatuliza wageni. Kwamba wimbo wa ndoa iliyoshindikana unapigwa siku ya ndoa iliyowezekana hakumsumbui mtu, na hakunisumbui mimi.

Pesa ni habari nyingine. Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akafa mwaka 1962 akiwa maskini wakati wimbo wake ukitajirisha wengine huko Marekani, na familia yake ikafikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu. Angalau hapo mtunzi alijulikana. Kwa "Malaika", kila anayedai mrabaha huulizwa kwanza yeye ni nani mbele ya wenzake, na ubishi huo umekuwa kinga nzuri kwa wanaotumia wimbo bila kulipa.

Fadhili William alifariki Februari 2001. Sheria ya hakimiliki iliyotungwa Tanzania mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Kenya ilifuata hesabu hiyohiyo. Kwa jina lake pekee, basi, wimbo utakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051. Kwa upande wa Adam Salim, ukumbi wa Kaloleni haukuwa na mashine ya kurekodi, lakini ulikuwa na wachezaji, na walikuwa na watoto na wajukuu waliosimuliwa. Wengine wao wapo Moshi. Kazi ya kuwauliza kwa majina, miaka na kumbi, na kuweka majibu yao pamoja na orodha kamili ya santuri za Nairobi, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu aifanye sasa, wakati bado wapo wa kuulizwa.