Meli Iliyolea Nyambizi, Ikaishia Kufunga Watu

Kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu manowari ya Uingereza iitwayo HMS Maidstone ni kwamba ilikuwa na kinyozi. Ilikuwa pia na tanuri la mikate, dobi, sinema, kanisa dogo, chumba cha upasuaji na kliniki ya meno. Ukiisoma orodha hiyo haraka unaweza kudhani ni hoteli. Lakini watu wengi wanaolikumbuka jina Maidstone leo, hasa kule Belfast, wanalikumbuka kama jina la jela. Nimetumia muda mwingi kujiuliza chombo kimoja kilitokaje huko kikafika huku, na jibu nililolipata linatuhusu hata sisi.

Tuanze na kazi yake. Nyambizi za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa bomba la chuma lililojaa mitambo, na watu waliingizwa penye nafasi iliyobaki. Maji ya kuoga yalikuwa ya kubania, na hewa ilinuka dizeli, jasho na chakula cha jana. Silaha za akiba, vipuri, mafundi wa kutosha na hospitali havikuwa na pa kukaa humo. Ndiyo maana jeshi la majini lilikuwa na meli maalum za kuzihudumia. Nyambizi ikirudi kutoka doria, ilijibanza ubavuni mwa meli kubwa. Mafundi walishuka na spana zao, na mabaharia wakapanda juu kuoga, kula mkate wa moto na kulala usingizi wa kweli. Halafu, siku chache baadaye, wakarudi kwenye bomba lao.

Maidstone ilijengwa na kampuni ya John Brown huko Clydebank, Uskoti. Ilishushwa majini Oktoba 1937, ikaanza kazi 1938. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 9,000 na urefu wa kama mita 150. Iliundwa kuhudumia nyambizi tisa kwa wakati mmoja, na kubeba topedo zaidi ya 100 za kuzigawia. Ndani yake kulikuwa na karakana za kila aina: ya kusubu chuma, ya useremala, ya mabomba, ya umeme, ya kurekebisha topedo, pamoja na mitambo ya kuchaji betri za nyambizi. Yaani ulikuwa mtaa mzima wa jua kali unaoelea. Sifa yake kubwa zaidi ilikuwa hii: ungeweza kuifunga bandarini miezi na miezi, na ikaendelea kuwalaza, kuwalisha na kuwatibu watu mamia kwa mamia.

Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, ilipelekwa Gibraltar mwaka 1941, ikawa makao ya kikosi cha nane cha nyambizi. Oktoba 1942, nyambizi moja ya kikosi hicho, HMS Seraph, ilimbeba kwa siri jenerali wa Marekani, Mark Clark, hadi ufuo wa Algeria. Alikwenda kukutana usiku na maafisa wa Ufaransa kabla majeshi ya Washirika hayajatua Afrika Kaskazini mwezi uliofuata. Clark ana nafasi yake vitabuni. Aliyeichaji betri ya Seraph, na aliyeoka mkate walioula njiani, hawana. Huduma ndivyo ilivyo, bana. Ikifanywa vizuri, haionekani.

Baada ya Afrika Kaskazini kutekwa, Maidstone ilihamia bandari ya Algiers. Mwaka 1944 ikavuka kwenda Ceylon kujiunga na Kikosi cha Mashariki. Hapa historia yake inapita karibu na kwetu. Hicho ndicho kikosi ambacho mwaka 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo na Trincomalee, kilirudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa ikageuka kituo kikuu cha vita vya Bahari ya Hindi. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa ikawa ofisi ya wachambuzi wa misimbo ya Wajapani. Maidstone ilipofika, makao makuu yalikuwa yamesharudi Ceylon. Baadaye ikaenda Fremantle, Australia, kuhudumia nyambizi zilizowinda meli za Japani.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, Maidstone ilipewa kazi ambayo haikuundiwa: kuwachukua mateka wa vita. Ilibeba mamia ya mabaharia waliokuwa wamefungwa na Wajapani huko Makassar, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Wengi wao walikuwa kizuizini tangu 1942, meli zao zilipozamishwa. Nawaza walivyopanda ngazi ile, wakakuta kitanda, daktari na kinyozi. Kwao Maidstone ilikuwa jina la uhuru. Tafadhali likumbuke hilo.

Amani nayo ilikuja na msiba wake. Asubuhi ya Juni 16, 1955, katika bandari ya Portland kusini mwa Uingereza, nyambizi HMS Sidon ilikuwa imefungwa ubavuni mwa Maidstone wakati topedo ya majaribio ilipolipuka ndani yake. Mafuta ya topedo hiyo yalitumia haidrojeni peroksaidi, kemikali isiyotaka mchezo. Watu 12 wa Sidon walikufa. Daktari wa jeshi la majini, Charles Rhodes, aliingia kwenye moshi akiwa na kifaa cha kupumulia, akasaidia kuwatoa majeruhi, na mwishowe yeye mwenyewe akakosa hewa. Akawa wa 13. Haikupita nusu saa, Sidon ikazama palepale ilipokuja kutunzwa.

Mwaka 1959 Maidstone ilikarabatiwa ili iweze kuhudumia nyambizi za nyuklia. Lakini nyambizi mpya zilikuwa kubwa, na vituo vya nchi kavu vilikuwa vinajengwa. Meli mama ikaanza kukosa wana. Kumbe kuna mwingine aliyekuwa anaiangalia na kuona kitu tofauti kabisa.

Mwaka 1969 vurugu zilipozuka Ireland Kaskazini na Uingereza ikamwaga wanajeshi mitaani, walihitaji mahali pa kulala. Maidstone ikavutwa hadi bandari ya Belfast kuwa kambi ya askari wapatao 2,000. Miaka miwili baadaye, alfajiri ya Agosti 9, 1971, askari walivamia nyumba na kuwakamata watu 342 kwa siku moja, bila mashtaka wala hakimu. Siku hiyo hawakumkamata mfuasi hata mmoja wa upande uliokuwa mtiifu kwa Uingereza. Wote walitoka upande uliotaka Ireland moja, na wengi walikuwa Wakatoliki. Orodha za majina zilikuwa zimechakaa, kwa hivyo wengine walikamatwa na hawakuwa na habari yoyote. Magereza hayakutosha. Na pale bandarini kulikuwa na meli yenye vitanda, jiko na hospitali, iliyokwisha kuzoea kukaa mahali pamoja.

Hakuna aliyehitaji kuibomoa na kuijenga upya. Wafungwa waliwekwa ndani, sitaha ikazungushiwa seng'enge ikawa uwanja wa kunyoosha miguu, na maji ya Belfast yakafanya kazi ya ukuta. Kila kitu kilichoifanya Maidstone kuwa mama mzuri ndicho kilichoifanya jela nzuri. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa la meli hii.

Usiku wa Januari 17, 1972, wafungwa saba walikataa kukubali kwamba maji ni ukuta. Inasimuliwa kwamba walikuwa wamemwona sili, yule mnyama wa baharini, akipenya kwenye waya zilizozunguka meli, wakapiga hesabu: anapopita sili, mtu naye anapita. Walikata chuma cha dirisha, wakajipaka siagi na rangi ya viatu kuzuia baridi, wakateleza kwenye kamba ya chuma iliyoifunga meli, wakaogelea kwenye maji ya Januari. Walipofika nchi kavu wakiwa karibu uchi, waliteka basi na kuliendesha hadi mtaa wa Markets, ambako wakazi waliwapokea na kuwaficha. Aibu iliyoje kwa serikali! Miezi michache baadaye, Aprili 1972, jela ya Maidstone ikafungwa. Miongoni mwa waliokuwa wamepitia humo ni Gerry Adams, ambaye baadaye aliongoza chama cha Sinn Féin hadi kwenye makubaliano ya amani ya 1998.

Sasa, kwa nini Mkenya asumbuke na habari hii? Kwa sababu waliofanya haya Belfast hawakuyaanzia Belfast. Brigedia Frank Kitson, aliyeongoza wanajeshi wa Uingereza mjini humo kati ya 1970 na 1972, alikuwa amejifunza kazi hapa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na kuandika kitabu juu yake. Mwaka 1972, ripoti ya kamati ya Lord Parker ilieleza kwamba mbinu za kikatili za kuhoji, kama kuwafunika watu vichwa na kuwanyima usingizi, zilizotumiwa kwa baadhi ya waliokamatwa Ireland Kaskazini, zilikuwa na historia: zote au baadhi yake zilishatumika Palestina, Malaya, Kenya, Saiprasi na kwingineko.

Hata lile wazo la kugeuza ghala kuwa gereza tulikuwa nalo. Kama umewahi kupita Mackinnon Road ukielekea Mombasa, pengine unaijua kwa ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walijenga hapo depo kubwa ya kuhifadhi zana za kijeshi. Mpango ukafa. Hali ya hatari ilipotangazwa na watu wakakamatwa kwa makumi ya maelfu, depo ikawa kambi ya wafungwa. Wengine walipelekwa kisiwa cha Manda kule Lamu na kisiwa cha Mageta ziwani, ambako maji yaliwalinda kama yalivyowalinda wale wa Belfast.

Maidstone iliuzwa kama chuma chakavu na kuanza kuvunjwavunjwa Inverkeithing, Uskoti, mwaka 1978. Mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa Kamiti, amezuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, akiandika riwaya kwenye karatasi za choo. Aliyemfunga si Mwingereza. Ni serikali yetu wenyewe, iliyorithi majengo na pia ikarithi sheria. Ilichukua mageuzi ya 1997 kuondoa mamlaka hayo ya kizuizini, na Katiba ya 2010 kuandika kwamba ukikamatwa, ufikishwe kortini ndani ya saa 24.

Meli ilikatwakatwa, lakini tabia haikuuzwa pamoja na chuma. Baada ya maandamano ya Juni 2024 tulisoma taarifa za vijana waliochukuliwa na watu wasiojitambulisha, familia zikazunguka kituo hadi kituo zikiuliza wako wapi. Hawakupelekwa melini. Wanaotaka kufunga watu bila mahakama hutumia kilicho karibu: ghala, kisiwa, nyumba isiyojulikana, gari lisilo na nambari. Kwa hivyo swali la kuuliza si kama jengo ni jela. Uliza nani ana ufunguo, na ni hakimu gani anajua uko ndani. Mateka wa Makassar na wafungwa wa Belfast walipanda meli ileile. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa anapelekwa nyumbani.